Kipa hana kitenzi

Kipa amewekwa langoni ili alifunge, lakini katika Kiswahili cha mpira anayefunga ni mshambuliaji. Kipa hufungwa, na kitenzi hicho ndicho tunachomsemea mfungwa wa gereza la Kasapa, lenye jina moja na kampasi yetu.

Nkambo wangu, mtu wa Kamalondo, husema: “Kazadi alifungwa tisa.” Sivyo. Tarehe 18 Juni 1974, huko Gelsenkirchen, Zaire ilipocheza na Yugoslavia katika Kombe la Dunia, kocha Vidinić alimtoa Mwamba Kazadi dakika ya 21, yakiwa matatu kwa bila. Sita yaliyobaki alifungwa Tubilandu. Kazadi huyohuyo alikuwa bingwa wa Afrika na Englebert, Mazembe ya leo, mwaka 1967 na 1968, na bingwa wa mataifa 1968 na 1974. Sarufi imembakizia jioni moja, tena nyingi yake si yake.

Robert Kidiaba nilimwona kwenye televisheni nikiwa mtoto, Desemba 2010. Huko Abu Dhabi, Mazembe iliifunga Pachuca 1-0, kisha Internacional ya Brazil 2-0, ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya dunia. Mechi mbili, Kidiaba hakufungwa. Angalieni umbo hilo: ushindi wake wote tunausema kwa kutendwa, tena kwa kukanusha! Labda ndiyo sababu wenzake walipofunga yeye aliketi chini, akanyoosha miguu na kurukaruka kwa matako, nywele zake za kusuka zikipepea. Inter ya Milan ilishinda fainali 3-0, lakini sisi watoto tuliendelea kurukaruka uani hadi kaptula zikatoboka. Miaka baadaye, katika uchaguzi wa 2018, alipata kiti cha ubunge wa jimbo la Haut-Katanga. Kwa mbunge, vitenzi havikosekani.

Watangazaji wa Tanzania wana neno ninalowaonea wivu: kudaka. Kipa amedaka, basi. Yeye ndiye mtenda. Nikampelekea nkambo sentensi mpya: Kazadi alidaka dakika 21.

Akaifikiria kwa muda, redio ikiwa mapajani.

“Sawa,” akasema. “Alidaka makumi mbili na moya. Lakini tulifungwa tisa.”

Nimeandika daftarini: kiima kimebadilika.