Keke ya Ami

Ami alikuwa wa shoto, na hiyo ikawa bahati yangu. Pale pwani ya Nungwi tulikuwa tukikaa mchangani tukitazamana, uta ukiwa mkono wake wa kushoto na wangu wa kulia, nikamfuata kama mtu anayejiangalia kwenye kioo. Mwaka ulikuwa 1988, nina miaka 12, na kazi yangu ya kwanza katika uundaji wa vyombo ilikuwa kutoboa matundu ya misumari.

Keke, kifaa tulichotobolea matundu hayo, ina kijembe cha chuma, bapa nchani, kilichochomekwa kwenye msukano wa mti. Juu ya msukano lipo jivu, unaloligandamiza kwa kiganja. Ugwe wa uta huzungushwa kwenye msukano, nawe ukivuta na kusukuma, kijembe kinageuka huku na huku. Makali yako pande zote mbili, kwa hiyo hakuna mvuto wa bure. Mashua moja inataka mamia ya matundu. Tundu likiwa pana msumari haushiki. Likizidi wembamba ubao unapasuka, na ubao wa mvule hauokotwi njiani. Ami alisikiliza tu. Mlio ukibadilika, alijua kijembe kimeshatoka kwenye ubao na kinaingia kwenye taruma.

Mwaka 2004 nilinunua drili ya umeme mjini. Sitajifanya nilihuzunika. Wanaolia kwamba mashine zimeua ufundi, wengi wao hawajawahi kutoboa mvule tangu asubuhi hadi adhuhuri, kisha jioni wakashindwa kuinua kikombe cha chai. Ami naye aliipokea, ila alikuwa na lawama moja.

"Haisemi," alisema. "Kwenye mvule, kwenye mwembe, kwenye fundo, kelele ni ile ile."

Keke ikatundikwa ukutani. Tezo haikutundikwa wala haitatundikwa, kwani sijaona bado mashine inayoweza kufuata pindo la tawi la mwembe na kulifanya taruma. Lakini tezo ina hadithi yake.

Desemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima, haukurudi hadi Machi 2010. Miezi mitatu! Nilikuwa na mashua ya mtu, nusu imeshapigwa mbao. Niliazima jenereta siku mbili, nikapiga hesabu ya petroli, nikaona faida yangu yote inaishia kwenye tangi. Nikaishusha keke. Ugwe wa ngozi ulikuwa umetafunwa na panya, nikafunga kamba ya nailoni ya wavuvi. Nailoni inateleza, ilinibidi niizungushe kwenye msukano mara mbili ndipo ikashika.

Macho ya ami wakati huo yalikuwa yameshaingia kiza. Alikaa kivulini bandani, amenipa mgongo, tasbihi mkononi, nami nikidhani anasinzia.

"Basi, mwanangu. Umeshafika kwenye taruma."

Nilitoa kijembe, nikapima kwa kijiti. Nilikuwa nimefika.

Umeme uliporudi, keke haikurudi ukutani. Niliibakishia kazi mbili. Ya kwanza ni matundu ya karibu na mkuku, mahali ambapo ncha ya ubao ni fupi na drili ikikamata ghafla inaondoka na kipande. Ya pili ni kuziba vyombo vinavyovuja maji yanapokupwa, umepiga magoti kwenye tope la chumvi; waya wa umeme hapo si wa kuchezea. Siku hizi ninayo drili ya betri, na kwa kweli waya si hoja tena, lakini betri ikiisha huku maji yanajaa, pamba ya kalafati bado imo mkononi na tundu halijatoboka, mtu anajua kwa nini amebeba uta.

Kijembe kilichomo sasa ni cha nne, msukano ni wa pili, na nailoni nabadilisha kila inapochakaa. Jivu ndilo lile lile. Lina kishimo ubavuni, kilichochimbwa na gumba la mkono wa kulia wa ami kwa miaka yote ile. Mimi nalishika kwa kushoto. Gumba langu hukitafuta kile kishimo, halikipati.