Ukoo wa Hadithi

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Gehandu. Ninachotaka kukishuhudia hapa ni namna nilivyogeuka kutoka mtu wa kufundisha hadithi nikawa mtu wa kuzitafuta na kuziandika. Haikuwa kazi ya siku moja. Ilianza na Shaaban Robert, ikapitia kwa Waingereza na Wamarekani ambao hawakuwahi kusikia jina la Mbulu wala Hanang, ikaja kunishika barabara mbele ya gemu ya kompyuta mjini Arusha.

Bibi yangu hakujua kusoma. Jioni, ng'ombe wakishaingia, alisimulia kwa Kiiraqw. Zilikuwapo za fisi na ulafi wake, za sungura na hila zake, na zile nilizozipenda na kuziogopa kuliko zote, za netlangw, roho wakaao kwenye chemchemi na mito. Katika mojawapo msichana alikwenda kuteka maji akazuiliwa na netlangw, na mdogo wake, ambaye kaka zake walimdharau, akashika njia kwenda kumkomboa. Bibi alikitaja kwa jina kila kijito alichovuka yule kijana. Vilikuwa vijito vyetu. Kesho yake ukipita pale na ndama, miguu yako iko ndani ya hadithi.

Shuleni, na baadaye chuoni, nilifunzwa kuzigawa hadithi: fasihi simulizi huku, fasihi andishi kule. Mgawanyo huo nami niliufundisha kwa bidii, maana mtihani unautaka. Hadithi za bibi zikakaa upande wa kwanza pamoja na vitendawili na methali. Upande wa pili wakakaa watu wenye majina kwenye majalada, na wa kwanza wao Shaaban Robert.

Aliyesoma Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, hasahau habari za manyani. Mfalme Rai wa Ughaibu anamtuma Ikibali kwenda Janibu kufuatilia kodi iliyochelewa, na huko Ikibali anagundua kwamba liwali Adili, mtu anayesifiwa kwa wema, kila usiku huwachapa manyani wawili kisha akawalisha. Manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa husuda wakageuzwa na jini Huria. Nilikuwa nimekifundisha kitabu hicho mara nyingi kabla sijaingia maktaba moja ya Arusha na kufungua juzuu ya Alfu Lela Ulela kwa Kiingereza, tafsiri ya Richard Burton, yuleyule aliyepita Zanzibar akafika Ziwa Tanganyika mwaka 1858. Tafsiri yake ilianza kutoka mwaka 1885. Nikakuta humo kisa cha Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra. Mfalme ni Harun Rashid wa Baghdad. Anatuma mtu kufuatilia kodi iliyochelewa. Liwali huwachapa mbwa wawili kila usiku kisha huwalisha, na mbwa hao ni ndugu zake.

Nilisoma nikiwa nimesimama. Sikuhisi kwamba Shaaban amepungua hata kidogo; nilihisi nimeoneshwa mlango wa karakana yake. Tazama alichokifanya. Aliwaondoa khalifa na Baghdad, akaweka nchi isiyokuwamo katika ramani yoyote, ili kila msomaji aione kuwa yake. Ndugu wawili waliokuwa na majina ya kawaida aliwapa majina ya tabia zao. Mbwa wakawa manyani, wanyama wanaotukaribia zaidi kwa sura na mikono, na hapo fedheha ya ndugu waliogeuzwa inauma kuliko katika kisa cha Basra. Hayo ni maamuzi ya msanii, na kila uamuzi unaonekana vizuri zaidi unapojua alianzia wapi.

Toka siku hiyo siwezi kusoma kitabu bila kukiuliza ukoo. Kwetu mgeni akifika huulizwa ukoo, na jibu lake halimpunguzii heshima. Linatuambia tukae naye vipi. Nikakirudia Kusadikika, kitabu cha Shaaban cha mwaka 1951. Waziri Majivuno anamshtaki Karama, naye Karama anajitetea kwa kulisimulia baraza safari za wajumbe sita, siku baada ya siku, huku roho yake ikiwa hatarini. Mtu anayeokoa uhai wake kwa kusimulia: mimi namwona Shahrazad wa Alfu Lela Ulela pale, amevaa kanzu ya mshtakiwa. Na zile safari za kwenda nchi za ajabu ili nchi ya nyumbani ijionee aibu zake, wahakiki wamezilinganisha na Gulliver wa Jonathan Swift, ambaye Frederick Johnson alikuwa ameshamleta katika Kiswahili mwaka 1932. Miaka hamsini baada ya Kusadikika, Kyallo Wamitila wa Kenya akaandika Bina-Adamu!, riwaya ya msafara wa kimazingaombwe, na humo akamwingiza hata Peter Pan wa hadithi za watoto wa Uingereza, safari hii akiwa si mtoto wa kupendwa.

Mpwa wangu anayesoma Arusha ndiye aliyenifikisha kwenye gemu. "Mjomba," aliniambia, "hayo unayoyasema ya ukoo, kwenye gemu ndiyo yamejaa." Akanieleza habari za J.R.R. Tolkien, Mwingereza aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akaandika The Hobbit mwaka 1937 na The Lord of the Rings kati ya 1954 na 1955. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons, wakiwamo hobbit, wale viumbe wafupi wa Tolkien, ndani yake, mpaka wenye haki walipokuja juu na jina likabadilishwa. Kutoka hapo gemu nyingi za kompyuta zikarithi vibeti wenye mashoka, majoka yanayolalia dhahabu na wachawi wenye fimbo, kiasi kwamba kijana wa Katesh anavitambua hata kama Tolkien hajamsikia.

Mawili katika maelezo yake yalinigusa sana. Kwanza, Dungeons & Dragons huchezwa mezani kwa mdomo, karatasi na dadu: msimulizi mmoja anaeleza, na wanaomsikiliza wanaamua mashujaa wao wafanye nini. Hiyo ni fanani na hadhira! Kile nilichokuwa nafundisha kama mambo ya jioni za zamani ndicho kilichozaa biashara hii yote. Pili, Tolkien mwenyewe majina ya vibeti wake, pamoja na jina la mchawi wake Gandalf, aliyatoa katika shairi la kale la Iceland, lililotungwa na watu wa baridi kali ambao nao walisimuliana kando ya moto. Kumbe hata yule anayehesabiwa chanzo alikuwa amekaa miguuni pa bibi wa mtu.

Kisha mpwa wangu akafungua gemu ya Tales of Kenzera: Zau, iliyotoka Aprili 2024, akaichagulia sauti za Kiswahili. Aliyeitunga ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, naye aliitunga akiomboleza kifo cha baba yake. Kijana Zuberi amefiwa na baba, na baba amemwachia kitabu. Ndani ya kitabu, shujaa Zau anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, wanapatana: amletee roho watatu wakubwa, naye amrudishie baba. Mmoja wa roho hao ni Impundulu, ndege wa radi wa simulizi za Afrika Kusini. Nilikaa kimya kwenye kitanda cha mpwa wangu nikimsikia kijana akibishana na mauti kwa lugha ninayoifundisha. Bibi alikuwa ameshafariki. Hadithi zake zilikuwa kichwani mwangu tu, na nusu ya majina ya vile vijito nilikuwa sina.

Nilirudi Gehandu nikaanza. Jumapili baada ya ibada huenda kwa wazee na simu ya kurekodia, nikiomba ruhusa kwanza. Naandika kwa Kiiraqw kama kilivyosemwa, kisha kwa Kiswahili. Si mimi wa kwanza: Paul Berger, Mjerumani, alikusanya simulizi za Wairaqw katika miaka ya 1930, nazo zilichapishwa Köln mwaka 1998 kwa kazi yake na Roland Kiessling. Lakini kitabu kilichopo Köln hakisomwi Basotu, na mtoto wa Haydom hawezi kuazima kutoka huko kiumbe cha kutia kwenye gemu yake.

Darasani nako kumebadilika. Mgawanyo wa simulizi na andishi bado naufundisha, maana mtihani upo, ila sasa kila mwanafunzi huleta hadithi moja ya nyumbani kwake, ya Kiiraqw, ya Kidatoga au ya Kinyaturu, na kazi yake ni kuifanyia alichokifanya Shaaban: badilisha mahali, badilisha majina, eleza kwa nini. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliandika kuhusu netlangw aliyehama chemchemi yake baada ya kijiji kuchimbiwa kisima cha pampu, akaenda kuishi ndani ya bomba. Mvulana mmoja aliniuliza kama anaruhusiwa kumchukua Gandalf. Nikamwambia amchukue, kwa sharti kwamba atuambie anakaa upande gani wa Mlima Hanang, anachunga nini na wazee wa hapo wanamsemaje.

Kinachonikwamisha kwa sasa ni uandishi wa Kiiraqw wenyewe. Zile sauti za hh, sl na tl wazee wananisahihisha kila ukurasa, na mimi peke yangu siendi haraka kama umri wao unavyokwenda. Nahitaji wenzangu. Aliyeko Dongobesh, Basotu au Endasak, mwenye babu au bibi anayesimulia bado, achukue daftari aanze na majina ya mahali, kwa sababu hayo ndiyo yanayopotea kwanza.