Kampuni ya Ushauri na Mshauri wa Mgambo

Kazi ilikuja kwa baruapepe mwezi wa tano, mwaka 2014. Kurasa kumi na mbili za wasifu wa kampuni, nizitoe kwenye Kiingereza nizilete kwenye Kiswahili, malipo kwa neno. Kampuni yenyewe ni ya ushauri, ya nje, jina lake naliacha. Walikuwa wanawinda kazi za ulinzi kwenye maeneo ya migodi huku kwetu, na kuna mtu aliwaambia kwamba viongozi wa vijiji vya Ngara na Biharamulo wapewe maelezo kwa lugha wanayoisoma. Wazo zuri. Mimi nilikuwa nyumbani Ngara, sina ajira, nasaidia kuanika maharage.

Ukurasa wa saba ndio ulionikwamisha. Ulieleza uhusiano wa miaka mingi kati ya kampuni na jeshi la kwao: waanzilishi walitoka jeshini, wanaishauri wizara ya ulinzi, wanawapa kazi "veterans" wanaorudi kutoka Iraki na Afghanistani. Neno hilo lilijitokeza mara kumi na nne. Nikasema hapa nitakula hela ya bure, neno moja nalirudia tu. Kumbe ndilo lilinilaza macho siku mbili.

Ukisema "maveterani", msomaji wa Biharamulo ataona wazee wenye vitambi wanaocheza mpira Jumapili asubuhi. "Wakongwe" ni wazee tu, hata wa kwaya. "Askari wastaafu" ni neno la heshima, lakini mstaafu ana pensheni, ana kiinua mgongo, ana tarehe ya kustaafu. "Mashujaa" kwetu wengi wao wako Kaboya, kule Muleba, kwenye makaburi ya vita, na tunawakumbuka tarehe 25 Julai. Aliyerudi mzima akaendelea kulima migomba yake, huyo anaitwaje?

Na "askari" nalo lina mambo yake. Askari ni mwanajeshi, ni polisi, ni yule wa getini pia. Dar es Salaam kuna Sanamu ya Askari, tangu 1927, na kuna Kariakoo, soko ambalo jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita vya kwanza. Wapagazi walikufa kwa maelfu, jina lao limebaki kwenye nyanya na vitenge. Biharamulo nako vita hivyo vilipita. Juni 1916 Wabelgiji waliichukua kutoka kwa Wajerumani, na jeshi lao nalo lilikula kilichobebwa na vichwa vya watu. Sijawahi kusikia wapagazi hao wakiitwa kwa neno lolote la heshima, na nadhani hapo ndipo shida ya ukurasa wa saba ilipoanzia, zamani kabla ya kampuni.

Nikaenda kwa baba mdogo. Yeye alikuwa mgambo mwaka 1978. Amini alipoivamia nchi mwishoni mwa Oktoba, jeshi lilipanuliwa harakaharaka, likachukua mgambo, JKT, polisi, magereza. Mkoa wetu wakati ule uliitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja baada ya vita. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Alipanda lori Biharamulo, akaenda Kyaka, akavuka mto, akafika Masaka. Kampala ilipoanguka, tarehe 11 Aprili 1979, alikuwa amelala na malaria, na hilo linamuuma mpaka leo kuliko risasi yoyote. Alirudi na blanketi na mestini. Blanketi lilishaisha. Mestini mke wake anapimia mchele.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nasikia umepata kazi kwenye ushauri."

"Ndiyo, kampuni ya ushauri. Ya watu waliokuwa jeshini."

Akakaa sawasawa kwenye kigoda. Kwake yeye, na kwa yeyote aliyepitia mgambo, mshauri ni mmoja tu: Mshauri wa Mgambo wa Wilaya, ofisa wa JWTZ anayesimamia mafunzo. Alidhani nimeingia ofisini kwake. Nilipomweleza kwamba hawa ni wafanyabiashara, wa nje, alitulia kidogo, halafu akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Wanachukua wazee?"

Hapo ieleweke, baba mdogo alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala moja pale mjini. Ulinzi ndio umekuwa jeshi lake tangu 1994. Aprili mwaka ule watu wapatao robo milioni walivuka Rusumo ndani ya saa ishirini na nne, wakakaa Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, na mashirika yakahitaji walinzi wa maghala. Waliuliza nani amepitia mgambo. Akanyoosha mkono. Kambi zilipofungwa mwishoni mwa 1996 alihamia maghala ya wafanyabiashara, rungu lilelile, tochi mpya.

Nikaandika kuuliza. Sikupaswa, mimi mfasiri tu, lakini niliandika. Nikasema ninyi mna mpango wa kuwasaidia waliopigana vitani, hapa yupo mmoja, ana uzoefu wa miaka thelathini na ushee. Jibu lilikuja siku ileile, la adabu kabisa, mistari miwili: mpango unawahusu wenye hati ya kuachishwa jeshi.

Sikumwambia. Nilimwambia bado wanaangalia. Ndiyo, nilidanganya, na nilipolipwa nilimpelekea kilo mbili za sukari kana kwamba ni sehemu ya jibu.

Yeye si mjinga. Wiki ya tatu akasema, "Hao wanataka karatasi, eh?" Nikanyamaza. Akasema basi tumwandikie mshauri, yule wa kweli, tumwombe tu athibitishe kwamba nilikuwepo. Sitaki hela, akasema, halafu akarekebisha: hela nikipewa sitakataa.

Tukakaa mezani, taa ya sola inafifia. Mimi niliyekuwa nimelipwa kwa kutafuta neno nikaandika "Mimi ni" nikasimama. Kwenye ukurasa wa saba niliishia kuweka "askari wa zamani", mara kumi na nne, na hakuna aliyelalamika. Nikamuuliza niweke hilo.

"Weka mkulima," akasema. "Askari watajionea wenyewe huko chini."

"Namba yako ya jeshi?"

Hakupewa, au alipewa akaisahau, hakuwa na uhakika. Lakini namba ya bunduki aliijua. Aliitaja polepole, tarakimu moja moja, amefumba macho, akarudia kuhakikisha nimeiandika vizuri. Nikaisoma. Akasema hiyo sita iandike wazi, isije ikaonekana sifuri.