Barua kwa Shangazi: Majani Yanapogeuka Rangi Minneapolis

Shangazi yangu mpendwa, huku kwa kaka watoto wanakua na wanakula. Uliniuliza kwenye simu mbona kila picha ninayokutumia ni majani matupu, sura ya mtu hakuna. Leo nimekaa nikueleze yote kwa utulivu, maana simu zetu hukatika kila habari inaponoga.

Mambo yenyewe yanaanzia mlangoni. Mbele ya nyumba ya kaka pana mti wa mepo, ule ambao jani lake limechorwa katikati ya bendera ya Kanada. Nilipofika ulikuwa wa kijani, ukanipita tu. Asubuhi moja nikaona tawi la juu, upande wa jua, limekuwa jekundu peke yake. Tangu hapo nikitoka kutembea naupiga picha kwanza, nimesimama ngazi ile ile, na nikirudi naupiga tena. Ukizipanga picha hizo kwa mfuatano unauona wekundu ukishuka tawi kwa tawi mpaka chini. Watu wa hapa huendesha gari saa kadhaa kufuata rangi za kaskazini, hadi ufukwe wa Ziwa Superior, na wanaporudi wanasimulia kwa furaha. Mimi nawasikiliza kwa hamu, lakini naamini kabisa kuwa anayetaka kuyaona majira haya yakipita achague mti wa jirani na autembelee kila siku. Jana na leo hazifanani, na mgeni wa mara moja hawezi kulijua hilo.

Leo kumekucha na nyuzi 3 za Selsiasi. Nikavaa koti la kaka, nikajizungushia shingoni kile kitenge chako cha bluu, nikashuka hadi Ziwa Harriet. Ziwa hili lipo katikati ya makazi ya watu, na kuna njia mbili za kulizunguka, moja ya waenda kwa miguu na nyingine ya baiskeli. Ukikosea njia utapigiwa kengele kwa adabu sana. Maji bado yana joto la kiangazi na hewa imeshapoa, kwa hiyo alfajiri ukungu hupanda juu ya ziwa lote, mvuke kabisa wa sufuria ya wali inapofunuliwa. Ndani ya ukungu ule nilisikia mabata bukini wakipiga kelele, wenyewe hawaonekani. Nikasubiri. Jua likapenya, wakajitokeza mmoja mmoja, nikainua simu, na simu ikazima papo hapo! Chaji ilikuwa zaidi ya nusu. Mzee mmoja aliyekuwa na mbwa wake akaniambia ni baridi hiyo, betri haiipendi, niiweke mfuko wa ndani ipate joto la mwili. Tukasimama tukazungumza habari za mbwa, habari za mvua, habari za mkewe anayepika mikate ya maboga. Simu ilipowaka, mabata walikuwa wamesharuka. Lakini walizunguka wakapita juu yetu, wamejipanga umbo la V kuelekea kusini, na hapo nikawapata. Ni ile picha ya mwisho niliyokutumia leo, itazame kwa utulivu. Yule wa nyuma kabisa bado anahangaika kuingia kwenye mstari.

Kurudi nilipita mitaa ya ndani, nayo ndiyo naipenda kuliko ziwa. Nimejifunza kwamba jani halipendezi jua likiwa mgongoni mwako. Zunguka, jani likae kati yako na jua, ndipo linapowaka na kila mshipa wake kuonekana. Kaka alinieleza kuwa rangi ya njano imo ndani ya jani tangu mwanzo, imefunikwa tu na kijani, na kijani kikiondoka yenyewe inabaki. Wekundu ndio ambao jani huutengeneza wakati huu huu, kutokana na sukari iliyobaki ndani yake; ndiyo maana mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha huleta wekundu mkali. Siku za mawingu nazo nazifurahia. Lami ikilowa, jani moja la njano lililonata chini linatosha kunisimamisha, na watoto wa kaka wamezoea kuniona nimechuchumaa barabarani.

Halafu, shangazi, kuna bata mzinga wa porini. Wanatembea mjini hapa bila mwenyewe! Leo kundi zima lilivuka barabara kwa mwendo wa bibi harusi, magari yakasimama pande zote mbili, na tarishi akabaki kwenye gari lake akitabasamu. Ungekuwepo ungeuliza ni wa nani, na pasingekuwa na wa kukujibu. Na kila ngazi ya nyumba ina maboga. Watu hununua boga zima kwa dola 6, kama shilingi 15,000 za kwetu, wakaliweka nje liwe pambo. Kindi ndio wanaolila. Nimempiga picha mmoja ameingiza kichwa chote ndani ya boga, mkia tu umebaki nje.

Boga likanikumbusha majani yake, na majani yakanipeleka sokoni. Kaka alinishusha kwenye soko la wakulima, lile lenye mabanda ya paa jekundu. Pana akina mama wengi wa Kihmong, watu wenye asili ya milima ya Laos, na mezani kwa mmoja wao nikaona fungu la ncha changa za maboga, na vijikonyo vyake vinavyojikunja. Nilishangilia kwa sauti! Dola 3 fungu. Akaniuliza ninapikaje, nikamwambia nazimenya nyuzi kisha natia nazi, naye akasema kwao huchemshwa tu zikanywewa mchuzi wake. Alisema hizi ni za mwisho, usiku ukigandisha zitaungua. Akanipa na pilipili mbili za bure. Hapo pembeni nikanunua tufaa aina ya Honeycrisp, iliyozalishwa na Chuo Kikuu cha Minnesota. Ukiling'ata linavunjika kwa mlio na maji yanakutiririka hadi kidevuni.

Mchana nikapanda treni ya mjini hadi bustani ya Minnehaha. Maporomoko yake yana urefu wa kama mita 16, nawe unashuka ngazi hadi darajani kuyatazama kwa chini. Kila mtu alikuwa akipiga picha maji. Mimi niliinamia upande wa pili, ambako mto unajikunja na majani huzunguka polepole palepale. Niliilaza simu juu ya ukuta wa daraja isitikisike, nikaiweka ipige taratibu, na majani yakachora duara za njano juu ya maji meusi. Msichana mdogo akaja akaomba kuona, kisha akaniokotea jani la mwaloni kubwa kuliko uso wake. Nimelibana ndani ya kitabu, litakufikia pamoja na barua hii.

Nikiwa nimeganda vidole, nilisimama kwenye kibanda cha Wasomali kunywa chai ya maziwa yenye iliki, na sambusa mbili za nyama. Muuzaji akaniuliza natoka wapi, nikasema Tanga, akageukia Kiswahili papo hapo, kile cha Eastleigh, Nairobi, alikokulia. Sambusa ya tatu akakataa kuipokelea hela.

Majani ya maboga nimeyapika jioni, watoto wakamaliza. Sasa nina kazi kwako. Katika picha za mepo chagua moja nikaichapishe kubwa, ya kutundika pale sebuleni juu ya redio; kaka anataka ile ya mti mwekundu mzima, mimi naitaka ile ya tawi la kwanza. Na upande wa pili wa barabara kuna mti wa ginko, bado haujamaliza kugeuka. Jirani ananiambia baridi kali ikiupiga humwaga karibu majani yake yote kwa siku moja. Nimeshamwomba anigongee mlango hata kama ni alfajiri. Ukimwaga tu nakuandikia.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na umwambie mjomba kitenge kinafanya kazi.