Sebule, Chai na Tarehe

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Jana kule Amalemba kina mama watatu walisema niende kwao pia nikaonyeshe vyombo. Kando ya kila nambari ya simu nimeandika kitu ambacho mama alikishika akasita kukiachia. Kwa fundi cherehani wa Shinyalu ni mkebe mkubwa wa unga, maana panya wamemsumbua. Nikimpigia nitaanza na unga wake. Ukianza na "umefikia wapi?" unamfanya mtu ajione ana deni lako.

Jumatano, 6 Agosti
Mmoja wa wale watatu, mwalimu wa Lurambi: "Nitakuambia, dada." Aliyenifundisha kazi hii huhesabu jibu hilo kuwa ni kukataa. Mimi siafiki. Mama wa huku hukubali kwa moyo mmoja, kisha usiku anaanza hesabu: viti, majani, sukari, maziwa. Wageni wakikaa sebuleni mwa Mluhya hadi jioni, chai kavu ni aibu. Tayari anaona sima na kuku wa kuchinjwa.

Nimempigia tena jioni. "Mwalimu, chai na mandazi naleta mimi. Wewe nipe sebule na majirani."
Kimya kidogo. "Na viti?"
"Tutaazima vya chama."
Hapo tarehe ikapatikana: Jumapili ya 17, baada ya kanisa. Jumamosi hatukuigusa kabisa, kwa kuwa huku ndiyo siku ya mazishi.

Jumapili, 10 Agosti
Nimesoma tena habari za Brownie Wise, Mmarekani aliyekuwa akilea mwanawe peke yake. Bakuli za Earl Tupper zilikuwa zikikaa tu madukani, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuwaonyesha wateja jinsi kifuniko kinavyofungwa. Mwaka wa 1951 Tupper aliziondoa madukani akamkabidhi mama huyo mauzo ya nyumbani. Mwaka wa 1954 picha yake ilitoka kwenye jalada la Business Week, mwanamke wa kwanza kupewa nafasi hiyo. Mwanzoni mwa 1958 Tupper akamfuta kazi. Hilo linaniuma kila nikilisoma. Kampuni yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Septemba 2024, lakini njia yake ya kumpata mwenyeji wa kesho miongoni mwa wageni wa leo bado inafanya kazi. Akina mama wa chama wanaielewa bila kufundishwa, kwani wamezoea kuzunguka nyumba kwa nyumba, kila mtu na zamu yake. Kwa hiyo sasa nauliza: zamu ya chama inakufikia lini?

Jumatano, 13 Agosti
Shinyalu. Ua wa fundi umejaa mahindi juu ya maturubai. Hata pa kuweka mguu hapana. "Yakishaingia kwenye gunia," akasema. Nimeandika katikati ya Septemba, na kabla ya hapo sitampigia.

Wa tatu, wa Sichirai, husoma ujumbe wangu wa WhatsApp asijibu. Leo jirani ameniambia anamuuguza mama mkwe. Nimemwandikia: "Pole kwa kuuguza, dada. Habari ya vyombo tuiache kwanza." Amejibu papo hapo, na maneno mengi. Nitapita kumwona nikiwa na sukari tu. Katalogi itabaki nyumbani.

Jumapili, 17 Agosti
Lurambi. Shule zinafunguliwa tarehe 25, kwa hiyo kila mtu ana karo kichwani. Sikuanza na seti kubwa. Nilichukua bakuli ndogo, nikatia maji, nikabonyeza katikati ya kifuniko, nikainua ukingo kidogo hewa itoke, nikafunga. Kisha nikaigeuza juu ya leso ya mama mmoja, naye akaipapasa leso yake: kavu. Walionunua waliruhusiwa kulipa kidogo kidogo kwa M-Pesa.

Zawadi ya mwalimu nilimkabidhi mbele ya wote, chai ikiwa bado mezani. Kumwambia mwenyeji "yako itakuja" ni kumvunjia heshima mbele ya majirani zake, na wageni pia huangalia kama wao watatendewa hivyo.

Wawili wameomba tarehe, tukazitafuta kwenye kalenda ya ukutani palepale. Mmoja ni mwenye duka wa Khayega. Mumewe anataka kujua kwanza akina nani watakuja na wataondoka saa ngapi, na ni haki yake. Kesho nitampigia baada ya saa mbili usiku, akishafunga duka, nami nitaomba kuzungumza na mzee mwenyewe.