Wamonaki Ambao Hawakuwapo

Naungama kwamba niliwahi kujenga monasteri hapa Machakos. Sikutumia jiwe hata moja. Niliijenga kwa kalamu, katika ukurasa wa 9 wa kijitabu cha historia ya parokia yetu, na nakala 300 zikachapishwa kwa michango ya waumini, wengine wao wajane waliouza kuku.

Mwaka wa 2019 Jimbo Katoliki la Machakos lilitimiza miaka 50 tangu lilipoundwa 1969, Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki akiwa askofu wake wa kwanza. Parokia yetu ikataka kuandika yaliyoipata, na kamati ikanichagua mimi kwa kuwa nilikuwa nimefundisha historia miaka 31. Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Historia niliyoijua vizuri haikuwa ya hapa. Ilikuwa ya Canterbury, Uingereza.

Ungeniamsha usiku wa manane ningekusimulia bila kupepesa macho: Augustino, mmonaki aliyetumwa na Papa Gregori kutoka Roma, alifika Kent mwaka wa 597 na wenzake wapatao 40, Mfalme Ethelbert akawapokea, abasia ikajengwa nje ya ukuta wa mji. Baadaye hata kanisa kuu likawa mikononi mwa wamonaki Wabenedikto, wakisali usiku na mchana na kunakili vitabu kwa mkono. Kisha Mfalme Henry wa Nane akazifunga monasteri za nchi yake. Abasia ilifungwa 1538, na wamonaki wa kanisa kuu wakafuata 1540. Mawe ya abasia yakabebwa kwenda kujengea kwingine.

Sasa, nyuma ya kanisa letu kuna nyumba kuukuu ya mapadri, yenye baraza ya matao matano. Katika kitabu changu cha zamani kulikuwa na picha ya ua wa wamonaki wa Uingereza, nao una matao. Nikaandika kwamba wamonaki wa kwanza waliijenga monasteri hii wakaishi humo kwa sala na kazi. Sikumwuliza mtu. Augustino alikuwa mmonaki na mmisionari pia, basi nami nikamvika umonaki kila Mzungu aliyepita hapa na kanzu nyeupe.

Wiki mbili baada ya sherehe, susu mmoja, yaani bibi kwa Kikamba, aliyepita miaka 90, akaniita kwake. Mjukuu wake alikuwa amemsomea kijitabu chote. Nilimkuta kwenye kigoda, ungo wa mbaazi mapajani.

"Mwalimu," akasema bila kuinua macho, "hawa wamonaki walikuwa wakilala wapi?"

"Kwenye ile nyumba, Susu."

"Ile nyumba tuliijenga sisi. Mchanga tuliutoa mtoni kwa mwethya, kazi ya ujima, wanawake peke yetu, ukanda wa kyondo ukitukata paji la uso. Padri alikuja kwa pikipiki, mara moja kwa miezi mitatu. Alikula muthokoi, akalala usiku mmoja, akaenda zake." Akaokota mbaazi iliyotobolewa na wadudu, akaitupia kuku. "Aliyebaki ni mume wangu."

Mume wake alikuwa katekista. Jumapili ambazo padri hakuwapo, yaani karibu zote, yeye ndiye aliyegonga kipande cha reli kilichoning'inia mtini, akaongoza sala, akafundisha watoto, akazika wafu. Katika kurasa zangu 24 hakutajwa hata mara moja.

Nilirudi nyumbani nikafanya kazi niliyopaswa kuifanya kabla. Mapadri waliohubiri huku Ukambani walikuwa wa Shirika la Roho Mtakatifu, lililoanzishwa Paris mwaka wa 1703. Walifika Zanzibar 1863, Bagamoyo 1868, Nairobi 1899, na miaka ya 1920 walikuwa na shule Kabaa, upande wa Mwala. Hao si wamonaki. Mmonaki wa Kibenedikto huweka nadhiri ya kukaa: monasteri aliyoingia ndiyo itakayomzika. Mmisionari wa shirika lile kazi yake ni kwenda anakotumwa. Kama nilikuwa na kiu ya wamonaki, ningewatafuta Peramiho, kusini mwa Tanzania, walikoanzisha misheni 1898. Misheni yao iliteketezwa katika Vita vya Maji Maji, wakajenga upya, na wapo hadi leo.

Ujinga peke yake si dhambi kubwa. Dhambi yangu ilikuwa aibu. Sisi watu wa Machakos tuna donda letu: mji huu ulikuwa makao ya utawala wa Waingereza huku bara kabla ya ofisi kuhamishiwa Nairobi mwaka wa 1899, na tangu hapo tunatafuta chochote cha kutukuza. Niliona kipande cha reli mtini ni kitu kidogo mno kuanzia historia. Nikaazima matao ya watu, na kwa matao hayo nikamfukia mtu wetu. Naye, ukipima kwa kipimo cha wamonaki wenyewe, ndiye aliyekaa hapa hadi akazikwa hapa.

Nimechapisha karatasi ya masahihisho kwa pesa yangu, na ninapita nyumba kwa nyumba na chupa ya gundi nikiibandika juu ya ukurasa wa 9. Kufikia sasa nimebandika 112. Karatasi hiyo ina majina 14 ya makatekista, la mume wa Susu likiwa la kwanza.

Nakala ya kwanza nilimpelekea yeye. Mjukuu akasoma hadi jina la mwisho. Susu akanyamaza, mikono imetulia juu ya ungo.

"Umefanya vizuri, Mwalimu," akasema. "Na wale wa mchanga?"

Nimenunua gundi nyingine.