Ligi Ni Mechi Thelathini

Usiku wa tarehe 7 Novemba 2024 nilimkatia simu mume wangu kwa sababu ya mpira.

Alikuwa amehamishiwa Tabora kikazi, mimi nikabaki Dar na kazi yangu ya uhariri. Mimi ni Yanga damu. Yeye, kwenye upweke wake kule, akajipatia timu: Tabora United. Siku hiyo timu yake ilikuja Chamazi ikatufunga 3-1, sisi mabingwa watetezi! Akanipigia anacheka. Nikamjibu kwa maneno yasiyohusu mpira hata kidogo: kwamba wikiendi zake zote ni za uwanjani, mke amesahaulika. Tukanuniana wiki nzima.

Idd ya 2025 iliangukia 31 Machi. Nikaunganisha na likizo, nikaenda. Alinitembeza Kwihara, kwenye njia ya zamani ya misafara, ambako wapagazi wa Kinyamwezi walipita na pembe za ndovu kuelekea Bagamoyo, mwendo wa miezi. Nikawawaza wake waliobaki nyumbani wakisubiri, bila simu ya kukata. Niliona aibu kidogo.

Tarehe 2 Aprili tukaenda Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Yanga tukashinda 3-0. Nilipomgeukia nimcheke, nikakuta wenzake wamemzunguka. “Shemeji, leo umetukomesha!” Hata muuza karanga anamjua kwa jina. Kumbe hakuwa ananikimbia. Alifika mji huu peke yake, na hapa ndipo alipopata watu.

Usiku nikamuuliza anaipendea nini timu inayofungwa hivi. Akanihesabia: Agosti 2023 walianza ligi na wachezaji 8 dhidi ya Azam, mechi ikavunjika wakiwa nyuma 4-0. Msimu ule walinusurika kwa mechi za mchujo. Msimu huu Simba kawapiga 3-0, nyumbani na ugenini.

“Lakini ligi ni mechi 30, mke wangu. Wewe unahukumu kwa moja.”

Sikujua kama anaisema timu au anatusema sisi.

Yanga tulichukua ubingwa. Tabora walimaliza wa tano kati ya timu 16. Msimu uliofuata jina likabadilika, ikawa TRA United, ila yeye bado anasema Tabora. Nasi tuna sheria moja: ashinde au afungwe, mechi ikiisha ananipigia, na hakuna kukata simu.

Je, wewe na mwenzio mmeshacheza ngapi?